Mashini ikiyumba, kosa iko ya nani?

Wandugu wasomi, tuongee kidogo juu ya kitu tunafanya kila siku bila kukihesabu: kuongoza mashini kwa mkono.

Muangalie motari ku barabara. Jicho linaona moto imeenda kuume. Akili inapima kosa, mkono unarudisha usukani, moto inageuka, na jicho linaangalia tena. Ni mzunguko: kile kinachotoka kinarudi kuingia. Na mtu mwenyewe iko sehemu moja ya huo mzunguko, sawa vile mota.

Sasa, mtu anaweza kuandikwa kwa hesabu? Mwingereza Arnold Tustin alipima watu waliokuwa wanageuza mizinga kufuata shabaha. Mu 1947 akaonyesha kama sehemu kubwa ya kazi ya mkono inafuata sheria rahisi. Kiisha, mu miaka ya 1960, Mmarekani Duane McRuer akafafanua jambo la kushangaza: mtu anajibadilisha kufuatana na mashini. Mashini ikiwa nzito kujibu, mtu anatangulia kusahihisha. Ikijibu mbio, analainisha mkono. Mwisho, mtu na mashini pamoja wanafanana karibu kila mara: integrateri moja na kuchelewa kidogo.

Huko kuchelewa njo kwenye hatari iko. Tufanye hesabu. Tuseme mtu anasahihisha kwa radiani 4 kwa segonde, na anachelewa segonde 0,25. 4 × 0,25 ni radiani 1, ni kusema digrii 57. Ongeza 90 za integrateri: 147. Mpaka ni 180, kwa hiyo kuko akiba ya 33. Sasa weka kompyuta inayochelewesha segonde 0,15 zaidi. 4 × 0,40 ni radiani 1,6, karibu digrii 92. Ongeza 90: 182. Akiba imeisha! Kila sahihisho linafika wakati kosa limekwisha geuka upande mwingine, na mkono unaliongeza pahali pa kulipunguza.

Ilitokea kweli. Tarehe 26 Oktoba 1977, huko California, chombo Enterprise cha NASA kiliyumba wakati wa kutua na kikadunda ku kiwanja. Rubani Fred Haise hakuwa mwanafunzi: alikwisha zunguka mwezi na Apollo 13. Kompyuta zilikuwa zinachelewesha amri za mkono wake. Dawa ikawekwa ku mashini: kichujio kinachopunguza nguvu ya amri rubani akianza kutikisa mkono mbio.

Njo maana, kesho ukiitwa kuchunguza ajali ya kamio ao ya mashini ya kuchimba, usiandike mbio "kosa ya shofere". Uliza kwanza: mashini inachelewa kiasi gani? Amri ya mkono inazidishwa namna gani? Kama ugonjwa uko mu mashini, kumfukuza mtu hakuuponyi. Mwenye atakuja nyuma yake atayumba vilevile.