PULI YA KRENKI: USICHAGUE KWA MNG'AO

Jumatano moja wakati wa mavuno, mdogo wangu alikuwa akiteremka mlima katika motokaa yake, amechukua abiria wanne. Ghafula usukani ukawa mzito kama jembe lililonasa katika kisiki, na taa nyekundu ya betri ikawaka. Akapunguza mwendo polepole, akaegesha kando ya barabara, akafungua boneti. Mkanda ulikuwa umechomoka. Puli kubwa iliyo chini, mbele ya injini, ilikuwa imekaa upande kama kofia ya mlevi.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo twashukuru. Lakini shida ilikuwa kubwa. Motokaa ile, Toyota Crown kuukuu iliyoletwa kutoka Japani, aliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Karo ya watoto wake watatu hutoka humo. Tena alikwisha pokea fedha ili amchukue bibi arusi Jumamosi ileile.

Watu hawakukosa kumshauri. Mmoja alimwambia, "Ichomelee tu, kesho utakuwa barabarani." Wa pili alimpeleka kwa muuza spea, akaonyeshwa puli ya aluminiamu, nyepesi, yenye rangi nyekundu, inang'aa kama kioo. Akaambiwa kwamba hiyo ni ya magari ya mashindano, na itaongeza nguvu. Wa tatu alikuwa na puli ya mtumba, iliyotolewa katika injini nyingine. Fundi mmoja mzee alisema, "Mwanangu, nunua mpya iliyo sawa na ile ya kiwandani, au acha gari lilale."

Wasomaji wapenzi, nani kati yao alisema kweli? Ili tujue, yatupasa kwanza kufahamu kazi ya puli hiyo.

KAZI MBILI, SI MOJA

Krenki ni ule mtaimbo mnene uliopindapinda ndani ya injini, unaozungushwa na pistoni. Puli hufungwa kwenye ncha yake ya mbele. Kazi yake ya kwanza kila mtu aiona: huvuta mkanda, na mkanda huzungusha alteneta inayojaza betri, na pampu ya usukani. Katika magari mengi huzungusha pia pampu ya maji.

Kazi ya pili haionekani, nayo ndiyo iliyosahauliwa na wale washauri. Kila mara moto unapowaka katika silinda, pistoni huisukuma krenki kwa kishindo, na chuma kile hujisokota kidogo sana, kisha hurudi. Katika injini ya silinda 6 moto huwaka mara 3 kwa kila mzunguko. Basi injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, krenki hupigwa vishindo 6,000, yaani 100 kwa kila sekunde.

Fikiri mtoto aliye kwenye bembea. Ukimsukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, mwishowe huruka juu sana. Ndivyo ilivyo kwa krenki. Kuna mwendo fulani ambao vishindo vyalingana na mtikisiko wa chuma chenyewe, na hapo msokoto huzidi na kuzidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, magari ya silinda 6 yalipoanza kutengenezwa, krenki zilikuwa zikivunjika, na wenye magari wasijue sababu. Mwaka 1910 mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, alipata hati ya ubunifu kwa kifaa cha kutuliza mtikisiko huo. Baadaye watengenezaji wakatumia mpira.

Ndiyo sababu puli nyingi za leo si kipande kimoja cha chuma. Katikati pana kitovu kinachoshika krenki. Nje pana pete nzito. Kati yake pana ukanda wa mpira. Krenki inapojisokota, ile pete nzito hukataa kufuata upesi. Mpira huvutwa huku na huku, na nguvu ya mtikisiko huishia humo kuwa joto dogo. Uzito wa pete na ugumu wa mpira vimepimwa kwa ajili ya injini ileile. Nayo injini ya mdogo wangu, 2JZ-GE ya lita 3, ina silinda 6 katika mstari mmoja. Krenki yake ni ndefu, na krenki ndefu yahitaji kutulizwa kuliko fupi.

Lakini mpira huzeeka. Joto huukausha, oili huulainisha, na miaka huupasua. Mwishowe pete huteleza juu yake, au hutoka kabisa.

TUPIME YALE MASHAURI MANNE

Kuchomelea ni rahisi kuliko yote, kwa bei ya kuku mmoja. Lakini moto huo huunguza mpira uliobaki, na pete hushikamana na kitovu kama jiwe. Mkanda utazunguka, naam, lakini kazi ya pili imekufa. Tena puli iliyochomelewa ni vigumu kuzunguka sawasawa, na kuyumba kwake hula mkanda na beringi.

Puli ile nyekundu je? Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wenye magari ya mashindano hutaka injini ipande mwendo upesi, na wepesi wa puli husaidia kidogo. Lakini injini zao hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Gari la kuchukua abiria hutakiwa kwenda miaka mingi bila kufunguliwa. Tena baadhi ya puli hizo ni ndogo kuliko za kiwandani. Ikiwa ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 150 na mpya ina 120, basi kila kinachovutwa na mkanda kitazunguka polepole zaidi, sehemu moja katika kila tano. Usiku, taa zikiwaka na gari likisimama mara kwa mara, betri haitajaa.

Hata hivyo tusikosee: ziko injini ndogo ambazo kiwanda chenyewe kilizipa puli ya chuma kitupu, isiyo na mpira. Hizo zirudishiwe ileile. Kanuni ni kufuata ile iliyotoka kiwandani.

Puli ya mtumba yaweza kufaa, lakini mpira wake una umri kama wa ile iliyokufa, pengine zaidi. Ukinunua, wanunua miaka usiyoijua. Tena zimo mpya za bei ya chini sana zilizoigizwa, ambazo mpira wake haukupimwa kwa injini yoyote.

UKIENDA KUNUNUA

Chukua puli ya zamani mkononi, na namba ya injini na ya chasisi katika karatasi. Pima upana. Hesabu mifereji ya mkanda. Laza zote mbili juu ya meza, uone kama mifereji imekaa kimo kimoja; ikipishana, mkanda utakwenda upande. Tazama alama za taimingi. Katika injini nyingine puli ina meno yanayosomwa na sensa. Yakikosekana, injini haiwaki. Mwisho tazama mpira: usiwe na ufa, wala usiwe umetokeza nje.

Kufunga nako kwataka uangalifu. Puli isitolewe kwa nyundo wala kwa kuvuta pete ya nje, bali kwa pula inayoshika kitovu. Kama oili yavuja nyuma yake, badilisha sili kwanza, maana oili itaua mpira mpya. Kagua kii, kile kichuma kidogo kinachozuia puli isizunguke peke yake. Tena bolti ikazwe kwa spana ya kupimia. Injini ile ya 2JZ hutaka zaidi ya niutoni-mita 300, yaani kama mtu wa kilo 65 akining'inia mwisho wa bomba la nusu mita. Bolti iliyolegea hula kii, kisha hula ncha ya krenki, na hapo hasara ni ya injini nzima.

MWISHO WA HABARI

Mdogo wangu hakulala usiku ule. Puli mpya ya namna ya kiwandani ilikuwa bei ya mbuzi watano, na ilibidi kuiagiza mjini. Asubuhi alikwenda kwa baba wa bibi arusi, akamrudishia fedha yake na kumwomba radhi. Mzee akanuna, kisha akasema, "Afadhali umeniambia leo, kuliko binti yangu angekwama mlimani na shela lake." Bibi arusi alichukuliwa na gari la mtu mwingine. Mbuzi watano waliuzwa, na mkewe hakufurahi.

Jumatano iliyofuata gari lilikuwa barabarani. Fundi mzee alichora mstari mmoja mwembamba kwa rangi nyeupe, kutoka kitovuni, kupita juu ya mpira, hadi pete ya nje. Sasa kila Jumamosi jioni, injini ikiwa imezimwa, mdogo wangu hufungua boneti na kuutazama. Mstari ukiwa mmoja, mpira washika. Siku utakapokatika, sehemu moja huku na nyingine kule, atajua kwamba pete imeanza kuteleza, naye atanunua nyingine kabla ya kufika mlimani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wewe mwenye motokaa, au mwenye kijana anayeendesha ya mtu, jaribu jambo hilo wiki hii. Halina gharama ila tone la rangi.