Je, Wajua Pua Hukuacha Pale Unapoihitaji?

Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja katika kila sehemu milioni za hewa. Ndiyo maana wengi waliozoea kazi za visima vya mafuta, viwanda vya ngozi na makaro ya maji taka huamini kwamba hatari ikija wataijua. Imani hiyo imeua watu. Gesi hiyo ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni, uwezo wa kunusa hufa ganzi katika muda mfupi, na mtu hudhani hewa imetakata ilhali sumu inazidi kupanda. Ikikaribia 1,000, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha. Na hiyo ndiyo gesi yenye harufu! Kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, haina harufu yoyote. Methane nayo haina. Oksijeni ikipungua, hakuna kiungo cha mwili kitakachokupigia kelele kwa wakati.

Kigunduzi cha gesi kina fadhila moja kubwa: hakizoei. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walitegemea kanari, ndege mdogo anayezidiwa na kaboni monoksidi kabla ya mtu, mpaka miaka ya 1980 vifaa vya elektroniki vilipochukua nafasi yake. Kifaa cha leo hutosha kiganjani na kwa kawaida hupima mambo manne: oksijeni, kaboni monoksidi, haidrojeni salfaidi na gesi zinazoweza kuwaka. Kihisi cha gesi ya sumu kina kemikali ambamo gesi ikiingia huzalisha umeme mdogo sana. Gesi ikiongezeka, umeme nao huongezeka. Kihisi cha gesi zinazowaka hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna ushanga mdogo uliojengwa juu ya waya wa platinamu na kupashwa moto. Gesi huungua juu ya ushanga huo, joto hupanda, na waya hubadilisha kiwango cha umeme unaopita. Methane huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, lakini kengele kwa kawaida hutegwa kulia ikifika nusu ya asilimia moja tu. Ushanga huo, hata hivyo, hauwezi kuunguza chochote pasipo oksijeni, hivyo mpimaji makini husoma oksijeni kwanza. Tena hupima juu, katikati na chini ya tangi kabla mtu hajaingia, kwa kuwa methane hupaa na haidrojeni salfaidi hutuama.

Wapo wasemao kwamba mashine hulia ovyo, au hunyamaza inapotakiwa kulia. Hoja hii ina uzito. Mvuke wa silikoni, iliyomo katika baadhi ya vilainishi, huua ule ushanga bila kuacha alama, na kifaa huendelea kuonyesha sifuri kana kwamba kila kitu ni shwari. Lakini dawa yake inajulikana: kukipulizia gesi ya majaribio kabla ya zamu na kuona kama kitalia. Kinachokosekana mara nyingi ni nidhamu ya watu. Oktoba 2019, katika kituo cha kusukuma maji kwenye visima vya mafuta karibu na Odessa, Texas, mfanyakazi mmoja alikufa kwa haidrojeni salfaidi. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba hakuwa amevaa kigunduzi chake, na ubao wa kengele wa kituo haukuwa ukipokea ishara kutoka kwenye vihisi. Mkewe alikwenda kumtafuta, naye akafa kwa gesi hiyo hiyo.

Kuhusu bei, ni kweli kwamba fundi wa kupakua vyoo hamudu kifaa hiki, na vihisi vyake huchakaa baada ya miaka michache hata visipotumika. Ila gharama hiyo si yake. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya 2003, kama ile ya Kenya ya 2007, humtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Mwajiri asiyeweza kununua kigunduzi atumie gari la kunyonya maji taka, asitume mtu shimoni.

Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mashimo, matangi na sehemu nyingine finyu walikuwa watu waliokwenda kuokoa wenzao. Kwa hiyo ukimwona mwenzako ameanguka ndani ya tangi, usimfuate. Piga kelele, ita zimamoto, ingiza hewa safi kwa feni kutoka nje, na asiingie yeyote asiyevaa mtungi wa hewa ya kupumua.