Diski Ileile, Kadi Nyingine

Kebo ikiingia, mtu hudhani kazi imekwisha. Kwa kompyuta za IBM za miaka ya 1980, kukubaliana kwa plagi kulikuwa hatua ndogo kuliko zote.

Diski kuu za wakati huo, zilizofuata mtindo wa ST-506 ya mwaka 1980 na ST-412 iliyoifuata, zilikuwa na mota, sahani, vichwa vya kusomea na saketi chache tu. Kebo ya nyaya 34 ilipeleka amri, ya nyaya 20 ilipitisha data. Kazi ya kugeuza mawimbi ya sumaku kuwa data ilifanywa na kadi iliyochomekwa kwenye mazabodi.

Kila mtengenezaji wa kadi alikuwa na namna yake ya kuandika alama za kutambulisha sekta. Ndiyo maana diski iliyofomatiwa kwa kadi ya kampuni moja mara nyingi haikusomeka kwa kadi ya kampuni nyingine, ingawa data yote imo. Fundi asiye na habari aliingia programu ya DEBUG, akaandika g=c800:5 ili kuamsha programu ya kufomati iliyomo kwenye ROM ya kadi mpya. Diski ikafanya kazi vizuri, ila mafaili ya mwenyewe ndiyo kwaheri. Aliyejua alihamisha diski na kadi yake pamoja.

Kulikuwa pia na tamaa ya nafasi. Seagate ST-225 na ST-238R zote zina silinda 615 na vichwa 4. Ya kwanza, kwa kadi inayoandika data kwa njia ya MFM, hubeba sekta 17 kila mzunguko, takriban MB 20. Ya pili, kwa kadi ya RLL, njia inayobana data zaidi, sekta 26, takriban MB 30. Basi wajanja wakafunga ST-225 kwenye kadi ya RLL. Nyingine zilikubali, nyingine zikaanza kupoteza data baadaye, kwa kuwa RLL hudai usahihi ambao diski hizo hazikuthibitishiwa. Mimi nisingeweka humo hesabu za duka.

Kompyuta nayo ilikuwa na masharti yake. BIOS, yaani programu ya kuiwasha, ya kwanza ya IBM PC ya 1981 haikutafuta ROM za kadi kabisa. Ilibidi kupata toleo la Oktoba 1982. Katika IBM AT ya 1984, kadi ya biti 16 haikuhitaji ROM yake. BIOS ndiyo iliyoiendesha, ikifuata orodha ya aina za diski. Kama diski yako haimo, ulichagua iliyo ndogo kidogo na kusamehe nafasi iliyobaki. Kadi ya IBM XT, kompyuta iliyoitangulia AT, iliweza kutumika ndani ya AT kwa kuwa ilikuja na ROM yake, ilimradi uiambie AT kwamba haina diski. Kinyume chake hakikuwezekana.

Mwaka 1986, Compaq Deskpro 386 ilikuja na diski iliyobeba saketi za kadi mgongoni mwake, mtindo uliokuja kuitwa IDE. Hata hivyo, diski mbili za mwanzo za IDE za kampuni tofauti, zikifungwa kwenye kebo moja, mara nyingine ziligoma.