Mbwa wa ghala akikojoa mkojo mwekundu, pima kwanza

Mfanyabiashara wa nafaka pale Namanga au Busia humwachia mbwa ghala usiku kucha. Siku mbwa huyo akikojoa mkojo mwekundu, wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kuomba sindano ya antibiotiki. Hiyo ni kamari, maana wekundu huo una vyanzo vingi.

Daktari wa mifugo huuzungusha mkojo kwenye mashine. Chembe nyekundu zikituama chini na mkojo ukabaki wa njano, mbwa anavuja damu. Huenda ana mawe au maambukizi ya kibofu. Ukibaki mwekundu hadi juu, yaelekea chembe za damu zinapasuka mwilini, na huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni babesia inayoletwa na kupe. Hapo hupimwa damu, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Lipo linalomgusa mwenye ghala mwenyewe. Panya wanaofuata mahindi hueneza kwa mkojo homa ya mgunda, ile iliyoua watu watatu mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa huipata, naye akaipitisha kwa mkojo wake. Usiusafishe bila glavu na viatu vya mpira.

Kinga mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi, kabla ya dawa yoyote, umfikie daktari ndani ya saa moja. Ila dume anayejikamua bila kutoa hata tone asingojee asubuhi: njia imeziba, na anaweza kufa.