Hewa ya Mzamiaji Haina Bei ya Mtumba

Vijana kadhaa wa visiwa vya delta, baadhi yao wakifika mpaka hapa Ngorongo, wametuuliza kama ni busara kununua kompresa ndogo iliyokwisha kutumika, ile ya kujazia mitungi ya wazamiaji. Mashine kama hizo hupatikana pale wenye vituo vya kuzamia wanapobadili vyombo vyao, na bei yake huvutia. Jibu letu ni kwamba inafaa, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yenye gharama kuliko mashine yenyewe.

Tuanze na la sheria, kwa kuwa viongozi wa wilaya nao husoma ukurasa huu. Kompresa hii si chombo cha uvuvi. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, haziruhusu kuvua kwa mitungi ya hewa katika Tanzania Bara. Wapo wanaoitazama mashine hii huku mioyo yao ikiwaza majongoo bahari na kamba wa miambani. Hao hatuna la kuwashauri, ila waache.

Lakini kosa la hao lisiwafanye maofisa wetu waone kila mtungi kuwa ni wa mwizi. Kazi za halali zipo tele. Nguzo za gati la Nyamisati zina upande ulio chini ya maji, nao huliwa na chumvi bila kuonekana. Pangaboi hunaswa na nyavu, nanga hukatika, mashua huzama. Ng'ambo yetu kuna Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako wageni na watafiti huzamia kutazama matumbawe, na hao huhitaji viongozi wenyeji. Juu ya yote hayo kuna uokoaji. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilichogeuka. Sisi tunaovuka baina ya Nyamisati na Kilindoni, na tuliokwisha kuyaona mafuriko ya mwaka 2024, hatuna haja ya kuelezwa zaidi maana ya habari hiyo.

Wala kuzama kwa kazi si jambo geni katika mto huu. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa humu deltani tarehe 11 Julai 1915, na baada ya vita wazamiaji walishuka kuifuata shaba yake. Mzamiaji wa enzi zile aliletewa hewa kwa bomba kutoka juu. Mzamiaji wa leo huibeba mgongoni, na kwa hiyo uhai wake hutegemea kazi iliyofanywa na mtu mwingine, labda jana yake, pale mtungi ulipojazwa.

Na tuseme wazi mashine hii hufanya nini. Kompresa ya kujaza magurudumu ya gari hufikisha presha ya baa 8 au 10. Hii yetu hutakiwa kufikisha baa 200 na zaidi, kwa hiyo huishindilia hewa kwa hatua tatu au nne, silinda moja ikiipokea hewa kutoka kwa nyingine. Mashine ndogo hutoa kiasi cha lita 100 kwa dakika. Mtungi wa lita 12 ukijazwa baa 200 hubeba hewa ya lita 2,400, yaani dakika 24 za kuungurumisha mashine kwa mtungi mmoja. Mwenye kutaka kujaza mitungi kumi ajue kwamba siku yake imekwisha.

Hewa inaposhindiliwa hupata moto, na ikipozwa mvuke wake hugeuka maji. Hapa kwetu, penye mikoko na unyevu wa usiku na mchana, maji hayo ni mengi. Mwendeshaji lazima afungue koki ayatoe kila baada ya dakika 10 au 15, asingoje kuambiwa. Akizembea, maji hufika kwenye chujio, na chujio lililolowa si chujio tena. Ndani yake mna chembe za kunyonya unyevu na mkaa maalumu wa kunyonya mvuke wa oili. Tunasisitiza kwamba ni mkaa maalumu, kwa kuwa tumesikia mtu akiuliza, bila mzaha, kama mkaa wa mkoko hautafaa.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani wala hainuki. Mashine nyingi ndogo huendeshwa kwa injini ya petroli, na moshi wa injini una kaboni monoksidi, sumu ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Bomba la kuvutia hewa likiwa karibu na bomba la moshi, sumu huingia mtungini. Hata oili isiyo ya aina yake, ikipata moto kupita kiasi ndani ya silinda, huweza kuizalisha. Kiwango cha Ulaya, EN 12021, hakiruhusu sumu hiyo izidi sehemu 5 katika sehemu milioni. Mzamiaji aliye mita 20 chini ya maji yuko katika presha mara tatu ya ile ya juu, na nguvu ya sumu anayoivuta huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Kichwa kitamuuma, atapoteza fahamu, na wa juu watasema amechukuliwa na bahari.

Kwa hiyo mnunuzi asiulize bei kwanza. Aulize mashine imefanya kazi saa ngapi, na daftari liko wapi. Asikilize silinda, atazame oili, aone inachukua muda gani kujaza mtungi mmoja. Akishainunua, fedha ya kwanza iende kwenye chujio jipya, oili ya kompresa za hewa ya kuvuta pumzi na vali ya usalama iliyopimwa. Kisha bomba refu la kuvutia hewa, liinuliwe juu upande unakotoka upepo. Baadaye, palipo na umeme wa kutegemewa, aondoe injini ya petroli aweke mota, na aongeze saa ya kuhesabu kazi na swichi ya kuzima mashine presha inapotimia. Mitungi inayouzwa pamoja na mashine nayo itazamwe tarehe zake za kupimwa. Mitungi ya alumini ya aloi 6351, ya miaka ya 1970 na 1980, imewahi kupata nyufa shingoni na mingine kupasuka wakati wa kujazwa.

Gharama hizo zinamshinda kijana mmoja, na hapo ndipo tunapowageukia wenye madaraka. Nchini Honduras, Wamiskito wengi waliotumwa kuzamia kamba kwa vyombo vibovu na bila mafunzo walipooza na wengine kufa. Tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua, katika shauri la wazamiaji 42, kwamba serikali yenyewe ilikuwa na dhima kwa kutosimamia kazi ile. Hatupendi jambo hilo lifike kwetu, huku delta haina hata chumba kimoja cha kumtibu aliyepooza kwa kupanda haraka kutoka kilindini.

Tunaomba Halmashauri ya Kibiti na ya Mafia zifikirie kompresa moja nzuri ya kikundi, yenye leseni, kuliko mashine tano za kificho. Fedha za mikopo ya vikundi vya vijana zinaweza kuanzisha kazi hiyo, na kikosi cha zimamoto na uokoaji kikapewa haki ya kuitumia saa ya dharura. Awepo fundi mmoja aliyefunzwa, naye peke yake ashike ufunguo. Hewa ipimwe kwa vipimo kila baada ya miezi michache, si mpaka mtu aumwe. Na daftari la saa za chujio litundikwe mahali ambapo mzamiaji mwenyewe ataweza kulisoma kabla hajauvaa mtungi.