Kitenzi cha Maumivu: Mzazi Aliyepasuliwa na Muuguzi Wake, Thika na Ruiru

Miongoni mwa maswali anayoulizwa mzazi aliyetoka katika chumba cha upasuaji ni lile la nambari: kati ya sifuri na kumi, maumivu yamefika wapi? Kipimo hiki kinatumika katika hospitali nyingi duniani, na kina manufaa yake, kwani humwonyesha muuguzi iwapo dawa imefanya kazi. Hata hivyo, nambari haisemi maumivu ni ya aina gani. Kazi hiyo hufanywa na kitenzi.

Thika na Ruiru ni miji iliyokua kwa viwanda na mashamba ya kahawa, na wodi zake za wazazi hukutanisha watu wa lugha nyingi. Kiswahili ndicho huwaunganisha. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha wodini aghalabu huishia kwenye kauli moja tu: "Nasikia uchungu." Neno hilo hubeba utungu wa uzazi, maumivu ya kidonda na hata huzuni ya moyo. Mgikuyu anayewaza *ruo* hulitafsiri hivyo hivyo, na muuguzi hubaki akikisia.

Ilhali vitenzi vipo tele. Mzazi akisema kidonda kinachoma anapokohoa au kugeuka, anazungumzia mshono wenyewe, uliopita katika ngozi, misuli na mji wa mimba. Huyu hufaidika kwa dawa, na pia kwa kukandamiza mto au leso iliyokunjwa juu ya tumbo kabla ya kukohoa, na kulala ubavu kwanza kabla ya kuinuka. Akisema tumbo linasokota kila mtoto anaponyonya, jambo ni jingine: kunyonyesha huzalisha homoni inayofanya mji wa mimba ujikunje na kurudi katika ukubwa wake. Maumivu hayo huwazidi waliokwisha kuzaa mara kadhaa, na ibuprofeni huyatuliza vyema. Akisema tumbo limejaa na linamvuta hadi begani, huenda ni hewa. Dawa yake kubwa ni kutembea mapema, hata hatua chache kando ya kitanda. (Njahi, ambazo kwa Wagikuyu ni chakula cha heshima cha mzazi, huenda zikangoja siku mbili tatu kwa sababu hiyo.)

Kuhusu dawa zenyewe, kanuni ni kuyatangulia maumivu badala ya kuyangoja. Ganzi ya uti wa mgongo huisha baada ya saa chache, ingawa mofini ikichanganywa nayo kwa kiasi kidogo huweza kutuliza kwa takribani siku nzima. Baada ya hapo, parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula, ndio msingi wa tiba kwa wengi. Zikimezwa pamoja kwa ratiba hufanya kazi kuliko moja peke yake. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo hana budi kumwarifu daktari kabla ya kutumia ibuprofeni. Kodeini na tramadoli ni za kuhadhari: mwaka wa 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wanaonyonyesha, kwa kuwa zinaweza kupenya katika maziwa na kudhoofisha pumzi ya mtoto.

Lipo pia la aibu. Msemo "kuzaa kwa njia ya kawaida" humweka aliyepasuliwa upande wa wasio wa kawaida, na wapo wanaonyamaza wodini ili wasionekane dhaifu mara ya pili. Yafaa ikumbukwe kwamba upasuaji huu si ugeni katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1879, Robert Felkin alishuhudia mganga wa Bunyoro akimpasua mzazi aliyeleweshwa kwa pombe ya ndizi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka wa 1884. Hata wakati huo, kumpunguzia mama maumivu kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Siku ya kurudi nyumbani, matatu hukimbia vizuri katika barabara kuu ya Thika, lakini matuta ya njia za mitaani Kihunguro au Makongeni huukumbusha mshono kuwa upo. Leso ile ile iliyokunjwa husaidia. Kukandwa kwa maji moto juu ya kidonda kibichi hakufai. Maumivu yatarajiwe kupungua siku hadi siku. Yakigeuza kitenzi, hospitali irudiwe upesi. Kidonda kinachopwita na kufukuta, chenye usaha au homa, kimeingia vijidudu. Kichwa kinachowanga mama aketipo na kutulia alalapo huenda kimetokana na sindano ya mgongo. Na shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikimkata ghafla, huenda damu imeganda mshipani, na hapo haifai kungoja mapambazuko.