Dar es Salaam na Viyoyozi: Joto Tunalojijengea (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyotawala hewa ya Dar es Salaam: joto halifikii makali ya jangwani, lakini pia halimwachii mtu apumue, kwa sababu unyevu huzuia jasho kukauka na usiku wa kiangazi haupoi vya kutosha. Leo tunaingia kwenye swali gumu zaidi. Kwa nini hitaji la kupoza majengo jijini limekuwa likipanda mfululizo, na nini kitaamua kiasi litakachopanda katika miongo ijayo? Jibu linalotolewa haraka ni mabadiliko ya tabianchi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linatupeleka kwenye mlango usio wetu, maana hatima ya tabianchi ya dunia haiamuliwi Ilala wala Temeke. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huu inatokana na wingi wa watu, kipato kinachopanda, na zaidi ya vyote aina ya nyumba tunazojenga. Hilo la tatu liko mikononi mwetu kabisa.

Tuanze na hesabu. Wahandisi wana njia nyepesi ya kupima hitaji la kupoza: huchukua wastani wa joto la siku, hutoa kiwango fulani cha msingi, kisha hujumlisha mabaki ya siku zote za mwaka. Marekani hutumia msingi wa nyuzi 65 za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 18 za Selsiasi. Wastani wa joto la mwaka wa Dar es Salaam ni takriban nyuzi 26, na hata Julai, mwezi wa baridi yetu, wastani huwa karibu nyuzi 24. Kwa msingi huo basi hakuna siku inayopita bila kuhesabiwa, na jumla ya mwaka inafika kama 2,900. Joto likiongezeka kwa nyuzi 1, jumla inapanda kwa 365, ambayo ni asilimia 12 na ushei. Si kidogo. Lakini iweke kando ya sensa: mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5, mwaka 2012 walikuwa milioni 4.36, na mwaka 2022 walifika milioni 5.38. Hata kama kila mkazi angebaki na kiasi kilekile cha upoozaji alichokuwa nacho mwaka 2002, hitaji la jiji lingekuwa limezidi mara mbili ndani ya miaka 20 bila jua kuongeza ukali wake hata chembe.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina mtego ambao haifai kuuruka. Msingi wa nyuzi 18 uliwekwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya majengo yao. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekaa kivulini, amevaa nguo nyepesi na upepo unapita, hana haja ya mashine yoyote kwenye nyuzi 26. Tukipandisha msingi hadi nyuzi 24, jumla ya mwaka inashuka hadi karibu 740, na ongezeko la nyuzi 1 linaikuza kwa karibu nusu nzima. Tofauti hii ina maana kubwa kwa maisha ya watu. Aliyejifungia ofisini kwenye nyuzi 20 hataona mabadiliko ya tabianchi isipokuwa kwenye gharama ya umeme, nayo itapanda kidogo. Anayeishi na hewa ya nje kama ilivyo ndiye atakayeona siku za kuvumilika zikipungua na usiku wa kukosa usingizi ukiongezeka. Kwa hiyo ninaposema tabianchi siyo inayoendesha matumizi ya viyoyozi, sisemi haina madhara. Madhara yake yanawaangukia watu wa Mbagala, Tandale na Manzese, ambao wengi wao hawana hata kiyoyozi kimoja, na kwa sababu hiyo mateso yao hayaonekani katika takwimu za umeme. Mtu asitumie takwimu hizo kudai kwamba jiji limepoa.

Kuhusu kipato sina mengi ya kusema, kwa kuwa mwelekeo uko wazi. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ilikuwa na viyoyozi bilioni 1.6, na kwamba kati ya watu bilioni 2.8 wanaoishi katika maeneo yenye joto kali kuliko yote, asilimia 8 tu ndio waliokuwa navyo. Shirika hilo lilitabiri idadi ya mashine hizo kufika bilioni 5.6 mwaka 2050. Hapa kwetu uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1970 na 1980 uliifanya mashine hiyo kuwa ya wachache. Milango ya biashara ilipofunguliwa baada ya katikati ya miaka ya 1980, viyoyozi viliingia, vipya na vya mtumba, na bei ikaendelea kushuka. Familia inayopata uwezo hununua feni, kisha friji, kisha kiyoyozi. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Mgonjwa, mzee, mtoto mchanga, na mfanyakazi anayerudi usiku baada ya saa nyingi barabarani wana haki ya kulala.

Swali ni kwa nini nyumba yenyewe imefika mahali ambapo haikaliki bila mashine. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata Juni saa sita mchana bado huwa juu sana. Kwa hiyo anayebeba mzigo mkubwa wa jua ni paa, halafu ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa kirahisi kwa kuchomoza paa kidogo tu. Upepo nao una njia zake zinazojulikana tangu zama za majahazi: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki, na alasiri bahari huleta upepo wake wenyewe kutoka mashariki. Nyumba iliyozingatia haya ingelala kwa urefu kati ya mashariki na magharibi, ikafungua madirisha makubwa kaskazini na kusini, na juu ya vichwa vya wakazi ikaweka paa linalorudisha mwanga, lenye dari na nafasi ya hewa kati yake na bati.

Sasa tazama kinachojengwa. Bati huezekwa juu ya kenchi bila dari, na bati tupu lililochakaa linaweza kupita nyuzi 60 mchana wa jua kali, likawa linamulika joto juu ya watu waliokaa chini yake. Wenye uwezo huchagua bati la rangi, mara nyingi nyekundu iliyokolea, kahawia au kijivu, ambalo hunyonya jua kuliko jeupe. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni yamechukua nafasi ya yale ya vioo vya vipande yaliyokuwa yakifunguka yote. La kusukuma, hata ukilifungua mpaka mwisho, nusu yake hubaki imefungwa. Kiwanja hujazwa jengo hadi mpakani, ukuta mrefu wa tofali huzuia upepo usifike dirishani, mwembe na mkungu hukatwa, na ua husakafiwa wote. Katikati ya jiji majengo marefu huvikwa vioo pande zote, pamoja na upande wa magharibi ambako jua la jioni huingia moja kwa moja. Kuweka kiyoyozi katika jengo la namna hiyo ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Haikuwa hivi siku zote, ingawa historia yake si safi. Wajerumani na baadaye Waingereza waliligawa jiji kwa matabaka ya rangi, na upepo wa bahari ukagawiwa pamoja na ardhi: nyumba za Oysterbay zilipewa veranda pana, nafasi kati ya jirani na jirani, na mkondo wa hewa toka ufukweni, huku Kariakoo ikipimiwa viwanja vidogo vilivyobanana. Hata hivyo, ndani ya udogo huo nyumba ya Kiswahili ilijua kujipoza, kwa ukumbi uliopasua katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, baraza mbele, na shughuli za moto kufanyikia nje. Baada ya uhuru, msanifu Beda Amuli alilipatia jiji Soko la Kariakoo, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, ambalo paa lake la miavuli ya zege liliwapa kivuli maelfu ya watu huku pande zikiachwa wazi kwa hewa. Maarifa hayo tulikuwa nayo, na mafundi wetu waliyatekeleza kwa saruji ya hapahapa.

Wapo watakaosema umeme sasa upo wa kutosha, kwa hiyo watu wapoze wanavyotaka. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hali ya nchi iliyokuwa ikihangaika na mgao. Lakini umeme wa Rufiji haumfikii mtu mpaka upite kwenye transfoma ya mtaa wake, na viyoyozi vina tabia ya kuwaka vyote kwa wakati mmoja, usiku uleule wa Februari ambao kila mtu anahisi joto. Zaidi ya hapo kuna mfuko wa mwananchi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo kikifanya kazi saa 8 kwa usiku, hata kikiwa kinapumzika katikati, hupita uniti 100 kwa urahisi. Mteja wa kundi la bei nafuu la TANESCO hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Kiyoyozi kimoja kinamtoa kwenye kundi hilo, na bei ya kila uniti anayonunua kwenye LUKU yake inapanda, pamoja na zile za taa na redio.

Wengine wataweka tumaini kwenye mashine bora zaidi. Mashine zinaboreka kweli, na makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, yaliyofikiwa chini ya Itifaki ya Montreal, yanazibana gesi za kupozea ambazo kilo 1 ya baadhi yake hupasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ninaunga mkono kila hatua hiyo. Ila mashine yoyote ya kupoza huhamisha joto, hailiangamizi. Kiyoyozi cha kawaida kinachotumia uniti 1 ya umeme huondoa chumbani joto la uniti kama 3 na kutupa nje jumla ya uniti 4. Uchochoroni kwenye nyumba zilizobanana, joto hilo huenda kwa jirani asiye na uwezo wa kununua mashine. Na wanaotaja Dubai kama mfano wa jiji lililoshinda joto wakumbuke kwamba huko Januari wastani hushuka hadi karibu nyuzi 19 na mashine hupumzika; kwetu hakuna mwezi wa kupumzika.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mkazi wa kawaida: dirisha wazi linaleta mbu, vumbi, kelele na mwizi. Hayo ni mambo ya kweli, na wavu wa mbu nao hupunguza upepo. Jawabu ni kupanua nafasi ya kupitisha hewa ili ibaki ya kutosha hata baada ya wavu na nondo, kurudisha matofali ya matundu ambayo hupitisha hewa na kumzuia mtu, na kufunga pangaboi, kwa kuwa hewa inayotembea kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi 2 hadi 3. Kwa nyumba ndogo, kupaka bati rangi nyeupe hakufiki bei ya kiyoyozi kipya. Kama ni rahisi hivyo, mbona soko halifanyi lenyewe? Kwa sababu sehemu kubwa ya jiji ni ya kupanga. Mwenye nyumba ndiye anayechagua bati, na mpangaji ndiye anayenunua umeme. Anayeokoa kwenye ujenzi halipi gharama ya joto, na anayelipa hana sauti kwenye ujenzi. Pengo la namna hii haliwezi kuzibwa na ushauri mwema, linahitaji kanuni.

Kanuni hiyo ina mahali pake tayari, napo ni kwenye kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri 5 za mkoa huu. Ninaziomba halmashauri za Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zisigonge muhuri kwenye ramani isiyoonyesha paa limekingwaje, hewa itaingilia wapi na kutokea wapi, na ukuta wa magharibi utapata wapi kivuli. Zianze na majengo ya umma, yaani madarasa na zahanati, ambako serikali yenyewe ndiyo mjenzi na ndiyo mlipaji wa umeme, hivyo hakuna wa kumlaumu. Wengi wa wakazi wetu wako katika maeneo yasiyopimwa ambako ramani haifiki ofisini. Kwa hao, mafunzo kwa mafundi na rangi nyeupe ya bei nafuu vitafanya kazi kuliko sheria. Jengo linalopewa kibali mwaka huu litakuwa bado limesimama baada ya miaka 50, na umeme litakaoudai muda huo wote unaamuliwa sasa, mezani kwa ofisa wa vibali.